Siku ya Kumtoa Pandelis

Jumanne, 4 Juni

Makaburini wamepiga simu. Miaka mitatu imetimia, mume wangu Pandelis atatolewa Jumamosi ili kaburi apewe mwingine. Tutaiosha mifupa yake kwa divai, tuiweke sandukuni. Ndivyo tulivyo hapa mjini Larisa — hata ukifa, bado ni mpangaji!

Sikulia. Alinikataza mwenyewe kabla hajafa. Maisha yetu yote tulifundisha falsafa ya wahenga: mwili tumeazimwa na maumbile, yakiudai tuurudishe bila kununa. Kwenye mazishi nilisimama macho makavu. Watu wakanisema sana.

Ijumaa, 7 Juni

Wifi yangu Poliksene kaleta divai na kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe. Akauliza kama nitaweza. Nikamjibu mifupa ni chokaa tu. Akaguna, akasema mimi na kaka yake tulikuwa chungu na mfuniko, tungeweza kubishana hata na kasisi anayetuzika. Tukacheka. Kisha nikaenda jikoni peke yangu. Jamani, nina hamu naye! Hata ule ubishi wake.

Jumamosi, 8 Juni

Naandikia kwenye benchi la makaburini.

Hajaoza.

Mchimbaji alifunua jeneza, akasita, akavua kofia. Pandelis yumo — nywele, suti, vyote. Akatueleza taratibu kwamba hutokea, udongo huu ni wa mfinyanzi, tena marehemu alikunywa dawa kali alipougua. Itabidi arudishwe chini miaka miwili zaidi. Mimi nayajua hayo. Maumbile hayafuati kalenda yetu. Darasani ningeyaeleza vizuri kabisa.

Poliksene hakutaka maelezo. Kwetu, maiti asipooza husemwa kuna mtu hajamwachilia. Akaiweka chupa ya divai chini, akanishika mkono.

"Wifi, mlilie mumeo. Amekungoja miaka mitatu."

Nikainama kumtazama. Tai niliyomfunga kwa mikono yangu asubuhi ya mazishi imekwenda upande, kama ilivyokuwa ikienda kila siku kabla hajafika shuleni. Nikapiga yowe. Mimi! Watu wa makaburi ya jirani waligeuka.

Nalia tu. Karatasi imelowa, sioni ninachoandika. Hekima yote ile, Pandelis, na wala haikunisaidia kitu.

Mchimbaji amerudi. Anauliza kwa upole kama sasa wafunike, jua linapanda.

Nimemwambia angoje. Ndiyo kwanza naanza.