Wilfred Achagua Eafoni za Kuziba

Shoga, ndo natoka dukani kwa Riaz hapa Kinondoni, mbavu sina!

Editha kamsindikiza mumewe kununua eafoni zisizo na waya. Wilfred kashindwa kuchagua: achukue za mpira zinazoziba sikio, au zile za kuning'inia zinazoacha sikio wazi?

Kavaa za mpira, kafungulia muziki, kamgeuzia mkewe mgongo: "Mama Noela, hebu nitukane tuone kama nasikia!"

Mbele za watu!

Editha kaanza taratibu. Unakoroma. Mdogo wako kahamia sebuleni kwetu tangu Pasaka. Halafu, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi: "Ile kazi ya Mtwara nimeikubali. Naondoka Jumatatu na mtoto."

Wateja wote wakageuka. Riaz kajifanya anapanga chaja.

Wilfred kanyanyua dole gumba. DOLE GUMBA, shoga! "Hatari! Sisikii hata chembe!"

Kavaa za kuning'inia. "Haya, sema tena."

"Umependeza, baba Noela. Ila chukua zile za kuziba."

Kazichukua! Na anajisifu mkewe ndo kamchagulia.

Nikamvuta Editha pembeni: sasa utamwambia lini?

"Mwezi mzima nimemwambia bila eafoni, hakusikia. Leo angalau kaninyanyulia dole."