Jumamosi Nitabisha Hodi Kwangu Mwenyewe

Mpendwa Shangazi Rozmin,

Naomba msaada wako na naomba uharakishe, kwa sababu Jumamosi wageni wanakuja kwangu kuposa binti yangu, na mimi ni mmoja wa hao wageni.

Wacha nieleze polepole maana hata mimi nikijieleza napotea. Ninakaa hapa Brampton, Kanada, na binti yangu Kemunto, yeye ni nesi, baba yake alitangulia mbele ya haki zamani, tunapanga sehemu ya chini ya nyumba ya mama mmoja anaitwa Reena, yeye anakaa juu. Nilikuwa napakia maboksi kwenye ghala, kazi ya kusimama lakini nilikuwa nimeizoea, mpaka meneja akatukusanya akasema mambo ya ushuru wa Marekani yameharibu oda, twende nyumbani watatupigia simu, na hiyo simu Shangazi mpaka leo haijalia. Nikaanza mandazi. Lakini kila aliyeachishwa kazi mji huu alianza mandazi, kanisani kwetu ukitoka ibadani unakuta meza za kuuza ni nyingi kuliko watu wa kula, ikawa tunanunuliana sisi kwa sisi, mimi nakula chapati za Cherotich, Cherotich anakula mandazi yangu, hakuna aliyetajirika ila tulinenepa.

Ndipo akaja kijana wa suti kutufundisha biashara, akasema wakati mambo ni mabaya usiuze kile kila mtu anauza, angalia watu wamekosa nini. Wengine waliandika. Mimi sikusoma sana, shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo nilikaa tu nikawaangalia wenzangu nikajiuliza, hawa wamekosa nini? Nguo wanazo, magari wanayo ya mkopo, chakula ndicho hicho kinatushinda. Nikaona wamekosa mama. Kila mtu mama yake ako nyumbani Kenya amenyimwa viza.

Basi nikaanza kujikodisha kuwa mama.

Usicheke. Wa kwanza alikuwa Cherotich huyo huyo, alijifungua na hakuna mtu wa kumpikia uji wala kumwambia mtoto hajafunikwa vizuri, nikaenda, nikapika, nikamwambia mtoto hajafunikwa vizuri, akalia kwa furaha. Akaambia wenzake. Nikaitwa kupiga vigelegele kwenye mahafali ya watu nisiowajua. Nikaitwa kubariki gari. Kuna bwana mmoja alinikodi nishinde kwake wiki nzima nikilalamikia chumvi ya mke wake, ili siku nikiondoka mke amwone mume kuwa ni mtu mwema, na ilifanya kazi, mpaka leo wanapendana. Nikipelekwa kuwa mama wa kabila nisilolijua najifunza salamu mbili, zikizidi hapo nakohoa. Jina langu la kazi ni Mama Baraka. Kemunto nilimwambia nimepata kazi kwa watu wa mikate, kwa sababu ningeanzaje kumweleza kwamba ninakuwa mama wa watu kwa saa?

Sasa shida yenyewe. Alinipigia kijana anaitwa Mutuma, ni Mmeru, anafanya kazi ya kompyuta, tukakutana kwenye mkahawa wa donati kule Thorncliffe Park anakokaa. Anataka kwenda kuposa. Mama yake ako Meru, viza imekataliwa tena, na yeye aliona aibu kusema hana mtu, akamwambia msichana kwamba mama anakuja. Tena upande wa msichana wameweka mzee wa mila, mtu akienda bila mzazi anarudishwa. Nikamwambia, mwanangu, tulia, hiyo kazi naijua.

Na kazi yangu naifanya kwa moyo, Shangazi. Nikamwuliza mama wa msichana ni mtu wa aina gani.

Akasema, "Ni mkali, na ana wasiwasi mpaka anampigia binti yake kazini kuuliza kama amekula. Ndiyo maana nikatafuta mama mpole kama wewe."

Nikacheka, nikasema kina mama wa namna hiyo nawajua, dawa yao ni moja, mpelekee unga wa wimbi, sifu chai yake, na akianza maswali usijibu yote, mwache na kiu kidogo. Nikamfundisha pa kukaa. Nikamfundisha kutoa machozi akikataliwa. Kwao Wameru hupeleka kifungu cha miraa kwa wazazi wa msichana, kimefungwa kwa jani la mgomba, kikipokelewa ndiyo mazungumzo yanaanza. Miraa hapa serikali imekataza, kwa hivyo nikaenda maduka ya Agincourt nikatafuta jani la mgomba, na ndani yake nikafunga vitunguu vya majani vya friji yangu, vikapendeza sana kwa macho, ila ukikaribia vinanuka mchuzi.

Tulipomaliza mafundisho yote ndipo nikasema hebu nimwone huyo mkwe wangu. Akatoa simu. Alikuwa Kemunto, amevaa ile skafu ya bluu niliyomfumia kwa mikono yangu.

Shangazi, sikuanguka. Nilisema, "Ni msichana mzuri. Lakini mbona amekonda?"

Akasema, "Mama yake pia husema hivyo."

Hanijui kwa sababu Kemunto hamwonyeshi mtu picha zangu, anasema nafumba macho. Na mimi Kemunto aliniambia tu Jumamosi kuna watu wanakuja kutuona, nipike, nisimwulize ni wa wapi nitamtia presha. Upande wetu tumemwomba Mzee Mogaka wa kanisani akae kama mjomba, na Mogaka ndiye huyo mzee wa mila, ameshasema kijana akija peke yake atamrudisha na mlango ataufunga yeye mwenyewe.

Kwa hivyo ona mwenyewe. Nikienda na Mutuma, ndani atakaa nani? Nikikaa ndani, Mutuma anakuja peke yake na Mogaka anamfukuza, na kijana nimempenda, hapo ndipo pananiuma, ni yule yule ningemchagulia. Nikisema ukweli, yeye atakimbia kwa aibu, na Kemunto atajua mikate ilikuwa uongo na kwamba mama yake amekuwa mama wa kila mtu. Tena amenunua leso nzuri ya kumpa mama mkwe, ameificha kabatini chini ya mashuka, nimeiona, leso hiyo itanifikia kwa njia moja ama nyingine lakini sijui nitaipokea nikiwa nani.

Nimefikiria nivae miwani na barakoa niseme nina homa. Mazoezi nimefanya. Natoka ndani, napanda ngazi za jikoni kwa Reena, nazunguka nje kwenye theluji, nafika mlango wetu wa kando nabisha, halafu narudi mbio kuja kujifungulia. Jana Reena alinikuta nimesimama nje na vitunguu mkononi nabisha hodi kwangu. Akaniuliza kama nimepoteza ufunguo. Nikamwambia hapana, sijaamua kama nitafungua.

Kemunto ndiye wangu pekee. Nisije nikampoteza kwa ajili ya hii kazi ya kuwa mama. Nifanye nini?

Mama Baraka, ambaye pia ni Mama Kemunto,
Brampton

Shangazi Rozmin anajibu:

Mama Kemunto, na nakuita hivyo kwa makusudi, hilo jina lingine lipumzike kidogo. Majina yote nimeyabadilisha kabla ya kuchapa, vitunguu tu nimeviacha kama vilivyo. Na jibu hili nakutumia kwa simu leo hii, gazeti litatufuata.

Barua yako niliisoma nikiwa dukani kwangu. Mteja aliuliza bei ya bizari mara tatu akachoka akaenda zake, kwa hiyo hasara imenifikia hata mimi. Pole, dada. Kuachishwa kazi ni jambo chungu, na kukaa ukisubiri simu isiyolia ni chungu zaidi.

Sasa nikugombeze. Wewe ni mfanyabiashara gani usiyemwuliza mteja unapelekwa kwa nani? Fundi bomba akiitwa huuliza anwani kwanza. Ungeuliza anwani ungegundua ni kwako, ukaokoa vitunguu. Badala yake umekaa mkahawani na donati, umemfundisha kijana wa watu mbinu zote za kukushinda wewe mwenyewe, na kwa jinsi ulivyoandika, ameshakushinda.

Lakini kazi yenyewe usiionee haya. Yule kijana wa suti alisema kweli, na katika kanisa zima aliyemsikia ni wewe. Wenzako waliandika wakarudi kukaanga. Mimi nilipoolewa hapa, wazazi wangu walikuwa Kisumu na hawakuweza kuja. Aliyenishika mkono nikaingia ukumbini ni mzee anaitwa Kurbanali, tulikuwa tumejuana kwenye foleni ya benki. Alikuja, akala biriani, akalia kuliko ambavyo mama yangu angelia. Nilimwita mjomba mpaka siku tulipomzika, na watoto wangu hawajui mpaka leo kwamba hakuwa mjomba. Basi watajua wakisoma hapa. Na huyo Mzee Mogaka wenu, mbona naye ni mjomba wa kuazima? Mji huu mzima tumeazimana. Kosa lako si kuazimwa. Umekubali kukalia kiti ambacho mwenyewe yu hai.

Umeniandikia habari za Kemunto, za Mutuma, za Mogaka, mpaka za Reena. Kuna mtu mmoja umempitia haraka kama kituo cha basi. Mama yake Mutuma. Yuko Meru, amenyimwa viza, na wala hajui kwamba Jumamosi kuna mwanamke wa Brampton atavaa leso yake, atapokelewa kwa jina lake, apigwe picha. Picha hizo zitafika Meru kabla chai haijapoa. Wewe ni mama. Ungefanywa hivyo ungelala?

Kwa hiyo leo, si Ijumaa, mwite Mutuma kwenye mkahawa ule ule. Mrudishie pesa zake. Mwambie, "Mimi ndiye yule mama mkali." Halafu msogezee donati. Hatakimbia. Mtu aliyejifunza kulia kwa ajili ya binti yako hakimbilii mbali. Akitulia, mwambie ampigie mama yake mbele yako, aseme alichokuwa anakusudia kufanya, agombezwe vizuri na mama wa kweli. Jumamosi simu yake iwekwe juu ya kiti, kiti kifunikwe kwa ile leso, na mama yake aongee kutoka hapo. Mchana wa Brampton ni usiku Meru, lakini mama wa kijana anayeoa hasinzii. Mogaka anataka mzazi. Huyo hapo, aseme naye.

Na kijana asije na simu peke yake. Umesema wewe ni mama wa kila mtu, haya, watoto wako wako wapi? Mwite Cherotich aje na mtoto, afunikwe vizuri. Mwite yule bwana wa chumvi na mkewe. Waje wawe jamaa ya Mutuma, bila malipo, kwa jina lao, wakisema wazi wao ni nani. Mji mzima umekunywa uji wako.

Kemunto mwambie wewe mwenyewe, leo jioni, kabla hajaambiwa na mwingine. Mwambie habari ya mikate, habari ya Mama Baraka, habari ya skafu ya bluu. Atakasirika, halafu atacheka, halafu atakasirika tena; huo ndio utaratibu. Aliyomwambia Mutuma juu yako usimkumbushe hata neno. Hayo uliyasikia ukiwa kazini, na siri ya mteja haitoki. Ila acha kumpigia hospitali kuuliza kama amekula. Ni nesi, amekula.

Yakipita haya, rudi kwenye biashara yako, na tangazo liandike upya. Usijiuze kuwa mama wa mtu. Sema unasindikiza vijana wasio na wazee, unapika uji wa waliojifungua, unafundisha mila, unapiga vigelegele. Unga wa wimbi na majani ya mgomba nitakuletea kwa bei ya jumla. Hivyo vitunguu fanyia kachumbari.

Na Jumamosi, ukisikia hodi, usikimbilie mlango. Kaa. Waache wabishe tena, wasikie baridi kidogo. Hiyo ni haki ya mama wa binti, na wewe ulikuwa karibu kuikosa kwa sababu ulikuwa nje ukibisha.