Uzi Chini ya Saa

Mpendwa wifi,

Kwa heshima na taadhima, nawatangazia ndugu, jamaa na marafiki walioko Mansfield na DeSoto huku Dallas, Alief kule Houston, na popote pale tangazo hili litakapowafikia, kwamba Jumapili iliyopita, saa za jioni, nimefungua ukurasa wa arobaini na mbili. Habari ziwafikie wote waliokuwa wakiuliza, yaani hakuna.

Wewe peke yako ndiye unayejua uzito wa tangazo hilo. Ukurasa wa arobaini na moja tuliuanza pamoja, na ulipoacha kupokea simu tulikuwa katikati yake. Nusu iliyobaki nimeisoma mwenyewe. Mwalimu wetu alituonya tangu mwanzo kwamba Kabbalah, hiyo elimu ya ndani ya Kiyahudi, haisomwi peke yako, kwa sababu mtu akisoma peke yake hukubaliana na kila anachokisema. Ni kweli. Mwaka wote huu sijapata mtu hata mmoja wa kuniambia, "Wifi, hapo unajidanganya."

Nakuandikia hadharani kwa kuwa njia za siri zote nimezijaribu. Jina lako sitalitaja. Alief ina mawifi wengi.

Wewe hukuja kusoma, ulitumwa. Mimi niliangukia humo kwa bahati tu: nilikuwa natafuta video ya namna ya kutoa doa la bizari kwenye zulia, ikaisha, ikajileta nyingine yenyewe. Mzee mwenye ndevu na kikofia, wa kaskazini mwa Dallas, anaeleza kwa upole kwamba binadamu ni chombo, na tabu ya chombo ni kutaka kujazwa tu. Nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo kwenye nyumba ya wazee, miguu imevimba, sina nguvu ya kuzima. Doa lipo mpaka leo. Lakini mwezi uliofuata nilikuwa mwanafunzi wa darasa lake la mtandaoni, na kaka yako akaingiwa na hofu. Mkewe anakaa jikoni na kompyuta, anamsikiliza mzee wa Kiyahudi, halafu ameacha kugombana. Hilo la mwisho ndilo lililomtisha. Akakupigia Houston kukuambia mkewe kaingia frimasoni.

Nakuona ulivyoingia na hotpoti ya wali wa nazi na uso wa mpelelezi. Ukakaa nyuma yangu, nje ya kamera, Biblia mapajani, tayari kukemea. Siku hiyo mwalimu alikuwa anafundisha juu ya mkate wa aibu: kwamba mtu anayepewa tu, bila nafasi ya kutoa chochote, mwisho hushindwa kumtazama usoni aliyempa, hata mkate uwe mtamu namna gani. Ukaniminya bega.

"Huyu mzee kalelewa na mama yetu?"

Kwenu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mkikosa cha kuweka mnaweka hata vitunguu viwili. Ukavuta kiti ukaja mbele ya kamera, ukaanza kumjibu mzee, na mwanangu akapita na bakuli lake la nafaka, akakuchungulia, "Auntie, you're on mute," kumbe sauti imezimwa, akaendelea na safari zake. Kaka yako alipopiga kutaka ripoti, ulimjibu, "Uchunguzi unaendelea." Uliendelea miaka mitatu.

Watu wanadhani mambo haya yanasomwa gizani kwa mishumaa. Sisi tuliyasoma kwenye magari. Mimi niko kwenye maegesho ya kazini, nakusomea aya moja kwa simu. Wewe uko kwenye foleni ya Houston, unanijibu huku unagombana na haiwei nzima.

"Rudia hapo pa nia."

"Anasema, ukimpa mtu kitu, jiulize unataka nini kwake."

"Sitaki kitu. Mimi nataka tu watu wa... wewe baba, ingia basi, si umewasha indiketa tangu jana? Samahani wifi. Nia. Endelea."

Hatukupaa kwenda popote. Mimi nilijifunza kumwacha kaka yako amalize sentensi, jambo linalohitaji ukuu wa roho, kwa sababu sentensi zake unazijua. Wewe ulianza kumpigia mwanao aliye chuo bila kuuliza kwanza habari za masomo. Ulinisimulia kijana alivyokuuliza kama unaumwa. Tulicheka, kisha ukalia kidogo, ukasema ni mafua. Hata hotpoti zilitufundisha. Wewe umeleta wali, mimi nairudisha na sambusa, wewe unaileta na kuku mzima, mimi naipeleka Houston na biriani, mpaka siku moja ukauliza, "Hivi huku ni kutoa au ni mashindano?" Tukakubaliana kupumzika. Wiki iliyofuata ukaleta keki.

Halafu ukaja uzi.

Niliuagiza mtandaoni, uzi mwekundu wa sufu, ule wanaofunga mkononi kujikinga na kijicho. Mwalimu alipouona alitabasamu, akasema uzi si somo, ila kama unatukumbusha kutomwangalia mwenzetu kwa jicho la kijicho, haudhuru. Tukafungana jikoni kwangu, mimi mkono wako, wewe wangu. Wewe siku ileile ukanunua saa pana ya mkanda wa ngozi ukaivaa juu yake. Wewe ni mwanakwaya kanisani. Kila mtu na kwaya yake.

Wifi, kule DeSoto kwenye kichen pati ya bibi harusi ulikuwa mwanamke pekee aliyekanda chapati na saa mkononi. Sote tumekunja mikono, unga mpaka kwenye viwiko, na uzi wangu uko nje kama bendera. Aliyeuona kwanza ni Mama Neema.

"Dada, hiyo ni fasheni au umefungwa?"

"Kafungwa," akadakia mwingine. "Kumbe waganga nao siku hizi wanapata viza."

"Au ndo ile frimasoni tuliyosikia?"

Wakacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa kinangoja jibu. Kisha Mama Neema akakugeukia wewe. "Wifi yake si uko hapa? Hebu tuambie." Ukalitazama donge la unga kama limeandikwa kitu.

"Mimi sijui. Muulizeni mwenyewe. Mimi ninachojua ni kwaya."

Nilikuwa naiona ncha ya uzi wako imechungulia chini ya ule mkanda. Niliifunga mwenyewe, fundo nalijua. Nikawaambia uzi wangu ni wa kunikumbusha dawa ya presha. Basi ikawa heri: kila mmoja akatoa presha yake, wa vidonge viwili, wa kitunguu saumu, wa kuacha chumvi, na hakuna aliyerudi tena kwenye mkono wangu. Ukamaliza kukanda bila kuinua macho.

Kila ukirudi Houston ulikuwa unanipigia ukishaupita mji wa Ennis, tunasoma mpaka mtandao ukatike. Siku ile nikakaa na simu mezani, haikulia. Nikadhani mtandao. Wiki ya pili nikadhani kazi. Ya tatu nikaacha kudhani.

Kaka yako anasema umekasirika. Mimi sidhani. Hukunikosea kitu kikubwa; mwanakwaya ana kazi ya kulinda sauti yake na jina lake, na mimi kusema uongo wa presha hakukunigharimu chochote, maana presha ninayo kweli. Nadhani kwa uongo ule nilikupa mkate wa aibu, na sikukuachia nafasi ya kurudisha hata vitunguu viwili. Ndiyo maana hunitazami. Somo letu la kwanza kabisa, na limetupata sisi wenyewe, watu wa dawati la mbele.

Habari nyingine ambayo ungeicheka: Mama Neema yuko darasani siku hizi. Kamera kazima, jina kaandika herufi moja, lakini kile kikohozi ninakijua. Kwa hiyo kama ulikuwa unawaogopa wao, wanaingia mmoja mmoja, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Saa unaweza kuivua.

Nimechoka, wifi. Si uchovu wa kulalamikia. Ni ule wa mtu anayefika nyumbani, anazima gari, anakaa ndani yake kwanza. Zamani dakika hizo zilikuwa zako. Sasa nasoma aya, nakubaliana nayo, naingia ndani kuosha vyombo. Mwalimu wiki jana aliniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema Houston. Akasema Houston si mbali. Ni wazi hajawahi kuiendea kwa gari Ijumaa jioni.

Akaniambia pia kwamba mtu kama mimi, anayejua kutoa tu, anamfungia mwenzake mlango kwa heshima zote, na kwamba kuomba ndiyo kazi yangu iliyobaki. Nimelizungusha hilo kichwani zamu tatu nzima. Sijawahi kukuomba kitu, hata chumvi. Basi leo naomba. Alhamisi ijayo wananipasua goti. Kaka yako yuko barabarani na lori la viazi, upande wa Oregon, hatawahi. Wanawake wa hapa wangekuja nikiwaita, na wangekuja na sufuria, lakini sitaki kuamka na kuona mtu mwingine. Nakutaka wewe. Njoo umechelewa, njoo umenuna, njoo mikono mitupu. Usilete hotpoti.

Nikiacha kalamu hapa sitakuwa nimemaliza, nitakuwa nimechoka tu. Ubaki salama mpaka nikuone.

Ni mimi, wifi yako wa Mansfield, ambaye hospitali imesema hataruhusiwa kutoka mpaka aje mtu mzima mwenye leseni ya udereva, na teksi haihesabiki.