Laini ya Ghorofa ya Haji

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimepangusa kisanduku cha simu. Kila asubuhi vumbi. Upepo wa Agosti hapa Garissa hauchoki. Laini iko hai.

Nyumba nane, laini moja ya nje. Nakaa chini ya ngazi, napokea, nabonyeza swichi, simu inalia kwa mwenyewe. Kila nyumba ina saa yake ya kupigiwa. Utaratibu huo niliupanga mimi. Haji, mwenye ghorofa, anachojua ni kodi tu.

Mama Hodan wa juu kabisa ameshuka kunikumbusha. Harusi ya Hodan ni Ijumaa ya wiki ijayo. Bwana harusi anatoka Ijara. Baba yake Hodan yuko Norwe, kiwanda cha samaki. Siku hiyo atapiga baada ya alasiri, atamke kwa kinywa chake kwamba amempa ndugu yake Abdi idhini ya kumwozesha binti. Wanaume wawili wasikie, ndipo sheikh aendelee. Nimewatengea saa nzima. Majirani niliowasogeza wamenuna. Wanune.

Alhamisi, 8 Agosti

Haji amemleta mpwa wake kutoka Nairobi. Abshir. Shati la kung'aa, maneno mengi. Anafungua duka la kupigia simu hapo chini, upande wa barabara. Nikamuuliza Haji, laini ataitoa wapi? Akacheka.

Mchana fundi alikuja akaunga waya kwenye laini yetu ukutani nje, kabla haijafika kwenye kisanduku changu. Yaani Abshir akishika simu, ghorofa nzima imekuwa kiziwi, na mimi sina swichi ya kumzima. Nilimweleza Haji. Akasema nina wivu.

Wivu! Ujana wangu wote niliumalizia posta nikiunganisha watu. Laini moja ni laini moja.

Jumapili, 11 Agosti

Saa ya Mama Hodan. Mumewe hupiga kila Jumapili, hajawahi kukosa. Leo kimya. Mama wa watu alikaa kwenye ngazi na shali yake mpaka miguu ikafa ganzi. Dukani kwa Abshir wafanyabiashara wa ng'ombe walikuwa wanapiga kelele na Nairobi, sauti zinafika mpaka kwangu.

Nimekasirika sana. Sijui hasira niipeleke wapi.

Jumatano, 14 Agosti

Nimekwenda kwa Abshir kistaarabu. Nikamwomba afunge Ijumaa alasiri, saa moja tu, mtoto wa watu aolewe. "Insha Allah, mama," akasema, bila kuinua macho. Insha Allah ya namna hiyo naijua.

Hodan amepakwa hina leo. Alishuka kunionyesha mikono. Mzuri, hata inauma. Aliniuliza kama simu itafanya kazi. Nikasema itafanya. Ningesema nini kingine?

Ijumaa, 16 Agosti

Naandika usiku.

Adhuhuri. Mji wote msikitini, maduka yamefungwa, la Abshir pia. Simu ikalia. Baba Hodan! Amejaribu siku zote hizi, kila akipiga anakuta laini ina mtu. Akafikiri, huko nyumbani saa ya swala ya Ijumaa hakuna anayeuza kitu, laini itakuwa wazi. Hapo alikuwa na akili. Alikumbuka duka litafungwa kwa swala. Hakukumbuka kwamba mashahidi nao wanaswali.

Alikuwa kwenye mapumziko ya chakula. Akatamka yote, wazi, kwa jina la Mwenyezi Mungu, kwamba Abdi ni wakili wake, amwozeshe Hodan. Mimi nilisikia. Mama Hodan, niliyemuunganisha juu, alisikia, akalia. Nikamwambia, apige tena alasiri, wanaume hawapo. "Nitajaribu, walaal, dada yangu. Lakini neno nimetoa," akasema. Mashine zinamsubiri. Akakata.

Alasiri wageni wa Ijara wakajaa ukumbini kwa Mama Hodan. Mimi nikashika mkonga wa simu. Sauti ya Abshir ndani yake. Nikatoka mbio hadi dukani.

"Mama, ngoja kidogo, kastoma bado iko kwa laini."

"Watu wamekaa chini, Abshir. Sheikh amekaa chini."

"Wallahi dakika kidogo tu."

Kastoma akaondoka, akaingia mwingine. Nikamfuata Haji, alikuwa juu na wageni, anakunywa chai ya maziwa ya ngamia. Akaniashiria kwa mkono nisimwaibishe.

Nikamweleza sheikh kwamba neno lilishatolewa. Akaniuliza nani alisikia. Mimi na Mama Hodan. "Mwanamume?" Hakuna. Akasema kwa upole kwamba baba akiwa mbali, kadhi wa serikali anaweza kusimama mahali pake. Abdi akaruka. "Ndugu yangu yuko hai! Binti yake ataozwa na serikali kama yatima?" Hakuna aliyeweza kumrudisha chini.

Wazee wa Ijara walingoja mpaka magharibi. Wakasema wameitwa kwenye nyumba isiyo na baba. Wakapanda gari lao. Bwana harusi alitazama madirishani mara moja tu, akaingia nyuma.

Jumamosi, 17 Agosti

Ghorofa nzima inasema mimi, Mama Rukia, sijui kazi. Mtu wa mtoni, si wa kabila letu, wanasema, ataelewaje mambo yetu. Haji naye anaitikia. Waya wa Abshir hautajwi.

Nawachukia leo. Wote. Hata Abdi na heshima yake.

Jumanne, 20 Agosti

Habari imetoka Ijara. Kijana ameposewa binti mwingine, huko huko kwao. Mama Hodan hakulia. Anafua mashuka ya wageni.

Ijumaa, 23 Agosti

Upepo umetulia kidogo. Adhuhuri, mji umefungwa. Simu ikalia.

Baba Hodan. Sauti ya furaha. Wiki nzima hakupata laini, akasema, lakini moyo wake umetulia. Anataka kumsalimia mkwewe. Yuko?

Nikamwambia asubiri. Nikabonyeza swichi ya juu. Hodan alipoitika, nikaweka mkonga wangu chini.

Nikachukua kiti, nikakiweka mlangoni mwa duka la Abshir, nikakaa. Watu wakaanza kutoka msikitini. Abshir akaja na funguo zake, nyuma yake wateja wawili.

"Mama, nafungua."

Nikaegemea mlango; akishika simu, ghorofa itakuwa kiziwi tena. Akaniita mama tena, kisha akaniita jina langu, kisha akarudisha funguo mfukoni. Mmoja wa wateja akachuchumaa kivulini. Dirisha la juu kabisa lilikuwa wazi, Hodan alikuwa bado anazungumza na baba yake, polepole, na mimi sikuwa na haraka ya kwenda popote.