Mstari wa Saba

Baba,

Daktari ameumbuka. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungetaka kulisikia kwanza, kabla hata ya habari za Mama. Mama mzima, ila bado anakulaumu kwa kuondoka bila kuaga.

Matanga hayajaisha, Daktari, yule mtafiti mkuu wako, akalibeba daftari lako kule kituo cha utafiti. Daftari la pamba! Miaka yote ile ulipanda mstari baada ya mstari, kila mmoja umezimwa jeni moja ya ule ukoo mkubwa wa jeni, ili tujue ipi inafanya kazi gani. Yeye alikaa ofisini akisema jeni hizo zinafanana, basi kazi yake ni moja. Ulicheka. "Ng'wanone, mwanangu, watoto wa kaya moja wana sura moja, lakini si wote wanaojua kuchunga." Jua lilipochoma, mstari wa saba ukanyauka peke yake. Ukaandika kuwa jeni iliyozimwa pale ndiyo ya kuvumilia ukame. Naye akasimama mbele ya watu hapa Bariadi akasema, "Nimegundua." Nimegundua! Jina lako hakulitaja hata kwa bahati mbaya.

Lakini yule hajachunga, Baba. Wewe ulikulia Mwanhuzi, ng'ombe ulihesabu kuanzia wa nyuma, maana fisi naye huanza na wa nyuma. Mistari ya pamba ukaihesabu hivyohivyo, kuanzia mwisho wa shamba. Yeye alihesabu kuanzia getini.

Nikiwa kibaruani palepale kituoni, nilimwona akichukua mbegu za mstari usio wenyewe, akazipanda upya ili awaonyeshe wageni. Nikanyamaza. Makusudi kabisa.

Siku ya wageni jua lilikuwa la kuua. Akanyoosha kidole kabla hajatazama: "Hii imenyauka kwa sababu ya jeni niliyoigundua." Pamba imesimama wima, kijani kibichi! Mgeni mmoja akakohoa. Jasho likamtiririka Daktari, mimi nimeshika ndoo ya maji, nimeuma midomo nisicheke. Sikufichi, nilifurahi mpaka nikalia.

Jana alinifuata, sauti imelainika. "Binti, hivi mzee alikuwa anahesabuje?" Nikamwambia aandike jina lako kwanza, juu ya lake, ndipo aniulize. Akaingia ofisini, akafunga mlango.

Lala, Baba. Humo daftarini zimebaki jeni nyingi ambazo mistari yake tulikuwa tunaijua mimi na wewe tu. Nakuahidi, mpaka jina lako liandikwe, ataendelea kuhesabu kuanzia getini.

Mwanao