Nchi Ipigane, Lakini Nani Aende

Jumanne, 31 Oktoba 1978

Sokoni leo watu hawanunui, wanaongea tu. Eti Amini amevuka mpaka kule Kagera. Mmoja anasema kaingia na vifaru, mwingine anasema ni wanajeshi walevi wachache, watarudishwa. Redio haijasema kitu cha kueleweka. Nimenunua samaki, furu wadogo, nikarudi zangu Nyakato, hapahapa Musoma. Mume wangu Magige yuko njiani kutoka Tarime na lori la shirika, hajui lolote labda.

Mwanangu Wegesa ameniuliza kama kifaru ni yule mnyama. Nikamwambia hapana, hiki ni gari la chuma tupu. Akauliza sasa dereva wake anaona wapi. Swali zuri lakini — anaona wapi?

Alhamisi, 2 Novemba

Rais ametangaza vita. Tumesikiliza uani kwa mzee Masatu, balozi wetu wa nyumba kumi, maana redio yake ndiyo yenye betri. Watu walijaa mpaka barabarani. Kule Kagera wameua watu, wamechoma nyumba, wameswaga ng'ombe. Kwa hiyo tutapigana. Hotuba ilipoisha watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga — kwa nguvu! Viganja bado vinawasha. Nina hasira na mtu ambaye sijawahi kumwona kwa macho.

Magige amerudi. Amesikia habari kwenye redio ya hoteli njiani. Amekula, amelala.

Nilipokaa peke yangu nikaanza kujiuliza. Nimepiga makofi kwa kuwa naamini, au kwa kuwa jirani wa kushoto alipiga? Mimi ni mwalimu wa elimu ya watu wazima. Nawaambiaga wanafunzi wangu wasikubali neno kabla hawajalielewa. Haya, "vita" nimelielewa? Vita vya Ulaya nilikuwa sijazaliwa. Wizi wa mifugo na mishale naujua, lakini ule siyo huu.

Nimeamua nitauliza watu. Nchi ipigane au isipigane? Sitabishana na mtu. Nataka kujua tu.

Jumamosi, 4 Novemba

Darasani Kigera. Nilitundika ramani, nikawaonyesha Kagera iko wapi. Wengi walidhani ni mbali kama Dodoma. Kumbe ni ng'ambo tu ya ziwa letu! Mzee mmoja alisogea, akapima kwa vidole kutoka Musoma mpaka pale, akarudi kukaa.

Nikauliza swali langu. Mama Jenoveva, muuza dagaa, ndiye aliyejibu wa kwanza, kama kawaida yake. Anasema tupigane, tena tumechelewa. Mwanawe Pastory yuko mgambo, ameshapiga buti rangi. Wengine wakaitikia. Nikasema anayeona tusipigane naye aseme, hapa ni darasani, hakuna kosa. Mwanamke mmoja wa nyuma alifungua mdomo, akaufunga. Nilipomtafuta baada ya kipindi alikuwa ameshaondoka.

Tukaandika VITA ubaoni. Wamelipata mara moja. Ni neno rahisi sana kuandika.

Jumapili, 5 Novemba

Butiama, kwa baba. Nilienda kwa ajili ya swali langu, nisijidanganye. Baba alikuwa askari wa King's, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Burma. Maisha yangu yote hajatusimulia zaidi ya mvua na nyama ya kopo. Mguu wake wa kushoto hausemi uongo lakini, baridi ikija anachechemea. Nikajua huyu ndiye atakayesema vita ni vibaya, tusiende. Nilikuwa nimeshamwandalia jibu!

Nilimkuta zizini, anamtoa ndama kupe. Nikamuuliza. Hakuinua kichwa.

"Wamechukua ng'ombe?" akauliza.

Nikasema ndiyo, redio imesema.

"Basi. Unauliza nini tena?"

Nikashangaa. Nikamwambia nilidhani yeye aliyeviona angekataa. Nikamkumbusha Burma, wenzake waliobaki kule. Hapo ndipo akasimama wima. Akasema kule Burma hakuna aliyemuuliza, alihesabiwa akapandishwa meli, na hakukuwa na ng'ombe wake hata mmoja. Vile vilikuwa vita vya watu. Hivi ni vya kwetu, na akili yake mwenyewe inamwambia twende. Angekuwa na mguu angeenda.

Sikutegemea. Nikazunguka kidogo, nikamuuliza tena, "Na Magige akiitwa je, baba?"

Alirudi kwa ndama. Alikaa sana kwenye sikio lile, na kupe walikuwa wameisha.

"Magige ana mtoto mdogo," akasema.

Nikamwambia na waume wa wengine je, hawana watoto? Akaniambia nikamsaidie mama kuchambua mchicha.

Njiani nimelifikiria jibu lile mpaka nikapitiliza kituo.

Jumatano, 8 Novemba

Nimempelekea fundi Apolinary gauni alipunguze kiuno. Huyu ni Mganda, alikimbia kwao Masaka miaka minne iliyopita, ana cherehani chake kibarazani nyumba ya tatu kutoka kwetu. Amini alimuua baba yake. Nikasema moyoni, huyu sasa atasema pigeni, pigeni haraka nirudi kwetu.

Kumbe na huyu nilikosea! Alisimamisha cherehani kwa kiganja. Akasema taratibu, anachanganya na Kiganda chake, "Nyabo, mama, mkienda hamtampiga Amini. Amini atakuwa ndani. Mtampiga Luka."

Luka ni mdogo wake. Alichukuliwa jeshini kwa nguvu akiwa bado shule. Fundi hajui yuko wapi, labda yuko hapohapo Kagera, labda ameshakufa. Nikamuuliza sasa unataka Amini abaki? Akasema hapana, anataka aondoke hata kesho asubuhi. Nikamuuliza ataondokaje bila kupigwa? Akaanza tena kushona. Baadaye akasema, swali hilo amelala nalo tangu Alhamisi, kama nitapata jibu nimwambie.

Mpaka sasa: aliyeumizwa na vita anavitaka, aliyeumizwa na Amini anaviogopa. Na mimi niliyeketi salama ndiye niliyepiga makofi.

Jumamosi, 11 Novemba

Mzee Masatu amekuja nyumbani. Si kawaida yake. Alikaa, akasifia chai, akamsalimia Wegesa, kisha akasema, "Mwalimu, nasikia unaulizauliza watu habari za vita."

Nikasema ndiyo, kwa kujifunza. Akasema yeye ananifahamu, hana shida, ila si wote wananifahamu. Halafu, kama vile amekumbuka tu: yule fundi wa Uganda aliniambia nini juzi? Maana mtu alituona tunaongea muda mrefu na cherehani kimenyamaza.

Masatu si mtu mbaya. Ana kazi yake, na wakubwa wanamdai habari, majasusi wapo kweli pengine. Nikamjibu kwamba fundi ameniambia baba yake aliuawa na Amini, na kwamba anataka Amini aondoke hata kesho. Yote mawili ni kweli. La Luka nikalimeza.

Masatu akafurahi. Akasema basi huyo ni mwenzetu.

Alipoondoka nikakaa. Nilikuwa nauliza kama mtu anayeonja mboga, kumbe neno moja la mtu linaweza kumtoa kwenye nyumba yake. Sitauliza tena kwa sauti. Yangu nitaandika humu.

Haya, yangu ni yapi? Nchi ipigane. Nimejaribu kuandika kinyume na mkono umekataa. Wale watu wa Kagera wakiachwa, sisi ni nchi ya namna gani? Tunaimba ujamaa kila asubuhi shuleni halafu ndugu aporwe tukae kimya?

Ipigane. Nimeandika.

Jumanne, 14 Novemba

Malori yanachukuliwa. Ya shirika, ya wafanyabiashara, yote mazima. La Magige nalo limo.

Meneja amewaita madereva leo. Malori yatakwenda kwa msafara mpaka Bunda Ijumaa, pale yatapokelewa na jeshi. Dereva anayetaka kuendelea na gari lake ataandikwa hapohapo. Asiyetaka atakabidhi, ataendesha askari, na hakuna atakayelaumiwa. Hivyo ndivyo alivyosema meneja. Magige anasema alipotamka "hakuna atakayelaumiwa" alikuwa anaangalia dirishani.

Bedfodi lile klachi yake ni mbovu, lazima uikanyage mara mbili, na kwenye mteremko ina tabia zake. Magige ana wasiwasi askari ataliua mlimani. Ameongea klachi jioni nzima. Nikamwacha aongee. Mwisho akasema, "Mama Wegesa. Umeuliza watu wote mji huu. Sasa mimi nakuuliza wewe. Unasemaje?"

Nikaanza vizuri. Nikasema nchi yoyote lazima ijilinde, na kwamba —

"Sijauliza nchi," akasema. "Niende?"

Nikasema nipe muda. Amecheka kidogo, si kwa ubaya. Ametoka nje kuangalia ndoo ambayo haikuwa na shida yoyote.

Jumatano, 15 Novemba

Nchi ipigane, Magige abaki. Nimeyaandika pamoja niyaone. Yakikaa sentensi moja yananuka. Maana yake vita nivipigane kwa mume wa mwenzangu. Ndicho alichosema baba akiwa na yule ndama, na mimi nikamsuta!

Basi niandike: nchi ipigane, Magige aende. Hilo linasomeka safi kama la gazetini. Ila nikilisoma naona mkono wake kwenye gia, ule wenye kovu, na nashindwa kuendelea.

Nikasema basi, nchi isipigane, abaki. Uongo. Siamini hivyo. Nitakuwa nimebadili maoni juu ya nchi nzima kwa sababu ya shati moja kwenye kamba yangu.

Labda watu wote wako hivi. Labda hata wanaoamua.

Alhamisi, 16 Novemba

Pastory ameondoka jana. Mama Jenoveva amekuja darasani hivyohivyo, na ndoo yake ya dagaa, amekaa mbele. Niliandaa somo la pamba na dawa zake. Akanyoosha mkono, akasema leo hataki pamba. Anataka kuandika jina la mtoto. Basi.

Nikaandika PASTORY ubaoni. Darasa zima wakaandika naye, hakuna aliyelalamika. Herufi R ilimsumbua, ilikuwa inaangalia nyuma. Nikamshika mkono. Ulinuka samaki na ulikuwa mkavu kama gome. Aliandika mpaka ukurasa ukajaa, kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mwalimu, wa kwako naye ameenda?"

Nikasema, "Bado."

Bado! Nani aliniwekea neno hilo mdomoni? Wote wakatikisa kichwa, kwa heshima, kama watu waliopewa habari. Sijamwambia Magige.

Wegesa nimempeleka kwa dada yangu kule Buhare. Kesho nitapanda lori na Magige mpaka Bunda. Nimemwambia nataka kununua mtama kule. Akasema sawa, mtama. Hakuuliza kwa nini mtama wa Musoma haufai.

Ijumaa, 17 Novemba

Bunda. Naandikia magotini, ndani ya lori.

Tuliondoka Musoma asubuhi, malori mengi, taa zimewashwa mchana. Watu wamesimama kando ya barabara njia nzima. Wengine wanarusha mihogo ya kuchemsha madirishani. Dereva wa nyuma yetu alidaka mmoja. Kwenye njia ya kwenda Butiama niliangalia kama baba yupo. Hakuwepo, na angejuaje?

Magige anaendesha. Nimemwangalia kama namwona mara ya kwanza. Anakanyaga klachi mara mbili, anasubiri, anaingiza gia, hashtui gari. Nimeogopa kwa namna nyingine: ni kazi anayoiweza. Kule kuna watu watakaa nyuma ya lori kama hili, watoto wa kina Jenoveva, na nani atawashusha ule mteremko?

Sasa tumesimama kwa mstari uwanjani. Mtama sijanunua. Askari wawili wanakuja lori kwa lori. Wa kwanza kule mbele ameshuka, amekabidhi, amevaa kofia yake anaondoka kwa haraka, haangalii mtu. Wa pili amebaki kwenye usukani. Wa tatu ameshuka. Simlaumu. Simsifu wa pili. Nawatazama tu, nijue sura ya mtu ikoje baada ya kuamua. Haina kitu. Wote wanaonekana wana kiu.

Magige amezima injini. Ameniambia, bila kunitazama, kwamba yeye moyo wake umeshapata njia, lakini hatatoka hapa na jambo ambalo mimi sijalisema kwa mdomo wangu. Nikamuuliza moyo wako unasemaje? Akasema nikijua nitajibu wa kwake badala ya wangu.

Ananifahamu sana mtu huyu.

Askari yuko lori la mbele yetu. Kijana, ana sauti ya pua, anauliza jina na kabila la gari — yaani aina — yeye na dereva wamecheka. Magige amechomoa ufunguo, ameuweka kwenye kiti katikati yetu, ameondoa mkono.

Nimeuchukua mimi. Una joto bado. Askari amezunguka, amekuja upande wangu badala ya wake, amegonga mlango, anasema shikamoo mama, dereva ni yupi hapa, na mimi nimemrudishia Magige ufunguo mkononi, nimesema kwa mdomo wangu: ni huyu, anaendelea na gari lake.