Nafasi Moja ya Mpwapwa

Jumanne, 2 Agosti 1955

Glovu za mpira hazipo. Nimemwomba Bwana Ketley, afisa wetu wa mifugo, tena leo, akasema fedha za mwaka zimekwisha, ningoje mwakani. Mwakani! Kana kwamba na maradhi yatangoja mwakani. Mimi nimeshazeeka katika kazi hii, ngozi yangu imekuwa gome. Lakini Hamidu ameanza juzi tu, mikono yake bado ya mwanafunzi wa shule.

Leo kamdunga sindano mbuzi wa Mwalimu Danieli, mbuzi hata hakulia. Sikumsifu. Jioni nimemsifu kwa Mama Ida, naye akaniambia, "Mwambie mwenyewe, Baba Ida. Mimi sindano zenu zinanihusu nini?" Nikasema kijana atavimba kichwa. Akacheka.

Kesho napanda Newala, kuku wa kijiji cha Mnyambe wanakufa kwa mdondo. Hamidu anabaki hapa Masasi na Bwana.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimerudi. Sijala. Hasira imenizuia.

Jumatano, mimi nikiwa huko juu, ng'ombe wa Mahmudu alikufa Chiwata. Mahmudu ndiye mwenye bucha hapa mjini. Alileta ng'ombe kwa ajili ya Idi, wachache wakabaki, akawaweka Chiwata wapate malisho. Huyo mmoja jioni alikula vizuri, asubuhi wakamkuta amekufa — tumbo limefura, damu nyeusi inatoka puani na haigandi. Kimeta. Kila mtu wa kazi yetu anajua. Unachukua damu kidogo ya sikioni, unaipaka kwenye kioo, mzoga unauchoma mzima. Hupasui. Ukipasua, umeufungulia ugonjwa mlango na kuukaribisha ndani.

Na Bwana Ketley anajua! Kitabu chake kiko mezani, kimefunguliwa ukurasa huo huo. Lakini Mahmudu alikuja juu, eti ng'ombe wake kaumwa na nyoka, na wakimfungia kundi lake atapeleka malalamiko kwa Bwana D.C. Bwana ni kijana, kafika mwaka huu kutoka kwao, akaogopa. Akataka kitu cha kumwonyesha Mahmudu kwa macho. Akamwambia Hamidu apasue.

Hamidu alimjibu kwamba mimi nimemkataza. Bwana akamwuliza mshahara wake unatoka kwangu au serikalini.

Basi akapasua. Mikono mitupu. Bwana kavaa glovu — zake mwenyewe, alizokuja nazo kutoka Ulaya — kashika fimbo, anaonyesha kata hapa, kata pale. Bandama likatoka kubwa, jeusi, limelainika kama lami. Hapo Bwana akarudi nyuma, akaagiza kuni.

Nimemwuliza Hamidu kwa nini hakukataa.

"Mwalimu," akasema, "wewe umeshawahi kumwona mtu aliyekataa, akabaki kazini?"

Nikamwambia akaoge tena kwa sabuni. Maneno gani mengine ningesema?

Jumapili, 7 Agosti

Tulipotoka kanisani Hamidu alikuwa barazani kwetu, kaja kunisalimu. Mama Ida akampa chai, na ndiye aliyeona. Kipele kwenye mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Hamidu akasema ni mbu. Nikauliza kinauma? Hakiumi, kinawasha tu. Pembeni yake vilengelenge vidogo vya maji, vimekizunguka kama shanga.

Nilisimama chai ikamwagika. Nimempakia kwenye baiskeli mpaka hospitali ya misheni, yeye njia nzima ananiomba radhi kwa kunisumbua siku ya Bwana. Kuniomba radhi mimi!

Daktari wa misheni ni mama wa Kiingereza asiyependa maneno mengi. Kautazama mkono, hakugusa. Akaagiza penisilini. Kisha akauliza nani aliyemwambia kijana huyu afungue mzoga wa kimeta. Hamidu akatazama sakafu. Na mimi, kwa aibu yangu, nikatazama dirisha. Nikasema mimi sikuwapo. Ni kweli, sikuwapo. Lakini jina nilikuwa nalo mdomoni.

Jumatatu, 8 Agosti

Mkono umevimba mpaka begani. Kile kipele kimezama katikati na kuwa cheusi kama kaa. Homa kali, anamwita mama yake kwa Kiyao.

Mama yake amefika. Bi Adija, mjane, mtu mpole sana. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akaketi chini karibu na kitanda. Baadaye akasema bila kuinua sauti: "Baba Ida, nilikukabidhi mwanangu umfundishe kazi. Kazi yenyewe ndiyo hii?"

Angenitukana ningepumua.

Nimepita ofisini. Bwana Ketley ameniuliza hali ya mgonjwa, nikamwambia. Uso ukamgeuka rangi. Halafu akaniuliza kama dawa ya kuku wa Mnyambe ilitosha. Dawa ya kuku!

Alhamisi, 11 Agosti

Homa imeshuka. Daktari amesema atapona, kovu litabaki. Nimekwenda nyuma ya jengo la hospitali nikapiga goti.

Daktari amesema pia kwamba amepeleka habari Mtwara, na Bwana Mkubwa wa mifugo wa jimbo atakuja Jumanne kusikiliza. Alisema kwa sauti ile ile ya kuagiza maji ya moto. Nimemheshimu mama yule.

Mchana Bwana Ketley akaniita. Akafunga mlango, akanipa kiti — hajawahi kunipa kiti. Kiswahili chake cha kitabuni, polepole. Akasema Hamidu ni kijana mwenye bidii, na vijana wenye bidii wakati mwingine hutangulia amri. Labda hakusikia vizuri. Labda alitaka kujifunza. Bwana Mkubwa akisikia hivyo kwangu mimi, mtu wa siku nyingi, jambo litakwisha bila mtu kuumia.

Bila mtu kuumia!

Kisha, pumzi hiyo hiyo, akasema iko nafasi moja ya masomo katika chuo cha mifugo Mpwapwa mwezi wa Januari, na yeye ndiye atakayependekeza jina. Mpwapwa. Nimeiomba tangu Ida hajazaliwa. Nimewaona walionikuta kazini wakienda na kurudi na vyeti, wakinipita. Kila mara naambiwa Silvesta subiri, hapa huna wa kushika nafasi yako. Leo imewekwa mezani, karibu na uongo, kama nyama karibu na mtego.

Nikachukua kofia yangu. Nilipoinuka niliona macho yake mekundu, ndevu hazijanyolewa. Hata yeye halali. Nani anamfundisha huyu? Hana mkubwa wa karibu, hana mwenzake wa kumwuliza. Lakini huruma yangu imeishia hapo. Mimi naye sote tumetupwa huku bila mtu, mbona mimi sikumtumbukiza mtoto wa mtu?

Ijumaa, 12 Agosti

Nimemweleza Mama Ida yote. Alikuwa anamenya mihogo, hakuacha.

Akasema: "Wewe umeshaamua. Unataka nikuzuie, ili uzeeni unilaumu mimi."

Nikasema ninaweza kuachishwa kazi. Akasema anajua. Nikasema tutakula nini. Akasema mihogo, na akaniinulia muhogo aliokuwa anaumenya.

Nimekasirika, nikatoka. Nimetembea mpaka chini ya lile jiwe kubwa lililo juu ya mji, nikarudi. Nilimkasirikia kwa sababu alisema kweli tu.

Jumapili, 14 Agosti

Sijui nicheke au nivunje kitu.

Hamidu anakaa kitandani sasa, mkono umefungwa, anakula. Akaniambia amefikiri sana, na Jumanne atasema alipasua kwa hiari yake.

"Mimi nitapona, Mwalimu. Wewe ukifukuzwa, nani atanifundisha?"

Nilifoka mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Nikamwambia nimemfundisha kupima homa ya ng'ombe na kumzalisha mbuzi aliyekwama, lakini kunibebea uongo sikumfundisha, na somo hilo simo. Akaniacha nimalize. Kisha akasema si kwa ajili yangu tu. Bwana Ketley alikuja jana kumtazama, na kopo la biskuti. Akamwambia asiogope, mambo yatakuwa sawa — na mwezi wa Januari iko nafasi Mpwapwa.

"Nafasi ngapi?" nikauliza.

"Moja."

Nikamwambia na mimi nimepewa hiyo hiyo. Hamidu alinitazama, midomo ikaanza kumcheza, akacheka. Nami nikacheka, machozi yakanitoka, hata nesi akaja kutukemea kwamba hapa ni hospitali si klabuni. Kicheko kilipokwisha kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko mwanzo. Ametugawia kipande kimoja cha nyama, kila mtu kwa siri yake, ili tusiulizane.

Nilipokuwa naondoka nikamwambia ile sindano ya mbuzi wa Mwalimu Danieli ilikuwa nzuri. Hakujua pa kutazama. Mimi vilevile.

Lakini hakuniambia kama amebadili nia juu ya Jumanne. Nami sikumwuliza. Nilimfundisha kazi, ulimi ni wake.

Jumanne, 16 Agosti

Naandika kwa penseli, tumesimama njiani kwenda Chiwata. Landrova imechemka. Bwana Ketley anamimina maji ya debe. Niandike upesi kabla sijasahau ilivyokuwa.

Bwana Mkubwa wa Mtwara alimwita Hamidu kwanza, peke yake, ofisini kwetu. Mimi na Bwana Ketley tukawekwa nje kwenye benchi moja. Mlango ulifungwa, sauti zinasikika, maneno hayasikiki.

Ndipo akaja mtu wa Mahmudu na baiskeli, vumbi mpaka nyusi. Ng'ombe wa pili alianza kuyumba alfajiri. Wachungaji wakamwahi kwa kisu kabla hajakata roho, ili asiwe nyamafu. Sasa wanagawana. Watu wamekuja na masinia.

Bwana Ketley akasimama, akakaa, akasimama. Anajua la kufanya. Kuzuia nyama, kuchoma, kupeleka hospitali wote waliogusa. Lakini ataiambiaje kadamnasi yenye njaa iache nyama, kwa Kiswahili kile cha kitabuni? Akanigeukia.

"Silvesta, utakuja nami?"

Damu ilinipanda. Leo ndipo ananihitaji! Nikienda, Bwana Mkubwa atamaliza shauri na kurudi Mtwara kabla ya jioni, na Hamidu atabaki mle ndani peke yake na mkono wake. Nisipokwenda, usiku wa leo watoto wa Chiwata watakula kimeta.

Nikaenda mlangoni. Sikubisha. Hamidu alikuwa amesimama mbele ya meza, anasema, "Mimi mwenyewe ndiye —" akaniona, akakatiza.

Nikasema kwa pumzi moja, nisije nikarudi nyuma. Kwamba kijana huyu alikataa, akaamriwa. Kwamba aliyemwamuru ni Bwana Ketley, naye yuko hapa nje. Kwamba sisi wawili tumeahidiwa nafasi moja ya masomo ili tuseme vingine. Na kwamba sasa hivi nyama ya kimeta inagawanywa Chiwata, nami naondoka, akitaka kuniachisha kazi nitakuwa huko.

Bwana Mkubwa alikuwa ameinua kalamu. Hakuiteremsha. Sikungoja. Hamidu alikuwa anataka kusema nini? Mimi mwenyewe ndiye niliyepasua kwa hiari yangu? Au mimi mwenyewe ndiye niliyekataa? Sijui. Labda nimemwokoa. Labda nimemnyang'anya neno lake kinywani.

Bwana Ketley alisikia yote, mlango ulikuwa wazi. Akapanda gari, nikapanda. Njia nzima nimetazama mihogo ya watu. Sasa hivi tu, debe mkononi, ameniuliza atawaambia nini wale watu.

Nimemwambia hatawaambia kitu. Nitasema mimi. Yeye asimame karibu yangu, wamwone, na asikae nyuma.

Amesema ndiyo.

Moshi unaonekana upande wa Chiwata. Wameshawasha mioto. Amefunga boneti —